Unaenda kwa Nani?

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na jina lake likaingia vitabuni. Aliyemfikisha hapo ni Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani, ambaye hakuwa na haja ya kuvumbua mlima wowote. Alikuwa anakwenda Uchagani kwa njia aliyoijua kisima kwa kisima. Walitoka Rabai mwishoni mwa Aprili, wakavuka nyika isiyo na maji ya kutegemea, wakaingia nchi ya Wataita, wakapitia Bura, kisha wakashika upande wa Taveta. Rebmann alibeba mwavuli. Njia yenyewe ilikuwa kichwani mwa Bwana Kheri.

Vitabu vya safari vimejaa watu wa mwavuli. Mtu akitaka kujitengenezea njia za miguu Taita Taveta leo, wa kumsoma ni yule mwingine, na bahati mbaya hakuandika kitu.

Voi, mji wa Taita Taveta, wengi wanaijua kwa kuipita. Reli ya kwanza iliufikia mji huu katika miaka ya 1890, treni ya reli mpya ya SGR inasimama hapo kidogo tangu 2017, malori ya Mombasa yanapumzika usiku, na watalii wakifika njia panda hukunja kuelekea lango la Tsavo Mashariki. Mwandishi wa makala haya alihamia hapo kikazi, akapanga chumba mtaa wa Sofia, na wikendi ya kwanza akawauliza majirani mahali pazuri pa kutembea. Walicheka. Kutembea kwenda wapi? Mmoja akamwelekeza sokoni. Mwingine, mwenye huruma zaidi, akamwambia angoje apate mgonjwa wa kumtazama au matanga ya kuhudhuria, hapo atatembea mpaka achoke.

Ulikuwa mzaha, lakini baadaye ulimfaa kuliko ramani zote alizonunua.

Kwanza, hata hivyo, ilibidi ajue pasipotembeka. Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba 17,000 hivi, na zaidi ya nusu yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Mpaka wa mbuga una uzio sehemu fulani na sehemu nyingine hauna, na hata penye uzio ndovu wanajua pa kupenyea. Dereva mmoja wa bodaboda aliisema kanuni yote pale steji kwa pumzi moja: chini kwa ndovu, juu kwa watu. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Matatu ikitoka hapo, ikapita Mwatate na kuanza kukunja kona za kupanda Wundanyi, abiria hutoka kwenye jua la nyika na kuingia kwenye ukungu na harufu ya mikaratusi kabla hawajamaliza mazungumzo yao. Huko juu, katika milima ya Dawida, kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, na nyumba zimebanana ubavuni hata ndovu hana pa kuweka mguu.

Basi mwandishi akachukua kalamu nyekundu na kufuata kontua ya mita 1,000 kwenye ramani yake. Chini ya mstari huo hakwenda bila mwenyeji au askari wa wanyamapori wa KWS. Juu yake aliuliza watu tu. Milima ya Taita haikushikana: kuna Dawida upande wa magharibi, Mbololo umejitenga kidogo, Sagalla unaitazama Voi kutoka kusini, na Kasigau, mita 1,641, umesimama peke yake mbali nyikani. Mstari mwekundu ulipokamilika, karatasi ilionyesha visiwa vinne, na nyika ikawa bahari katikati yake. Mtu hatembei kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Anapanda gari. Uamuzi huo peke yake ulimwondolea nusu ya mipango aliyokuwa ameichora usiku kwa shauku nyingi na akili kidogo.

Ramani zenyewe zilikuwa zile za serikali za kipimo cha 1:50,000, ambazo sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Ni ramani nzuri. Zinaonyesha mito, miinuko, barabara, na shule zilizokuwepo zilipochapishwa. Zisichokionyesha vizuri ni kile hasa mtembeaji anachokitaka: vijia vinavyopita baina ya matuta ya mahindi, nyuma ya jikoni ya mtu, chini mpaka kwenye kijito na juu tena mpaka kanisani. Ramani za simu zina baadhi ya vijia hivyo na zimekosa vingine, na zinaweza kumwonyesha mtu njia iliyofungwa zamani kana kwamba iko wazi.

Tena ramani ina tatizo jingine ambalo halimo kwenye karatasi.

Ardhi Taita ni jambo la kuamsha usingizini. Tambarare zilichukuliwa na mbuga, ranchi na mashamba makubwa ya mkonge, mengine tangu enzi za ukoloni, na jamii nyingi zikabaki milimani kwenye vipande vidogo vinavyogawanywa kila baba anapofariki. Katika nchi ya namna hiyo, mgeni anayesimama kwenye tuta na kufungua karatasi kubwa ni mpima ardhi mpaka athibitishe vinginevyo. Asubuhi moja juu ya Mbale, mzee mmoja aliacha kupalilia, akaja na panga lake mkononi, bila haraka.

“Unampimia nani?”

“Simpimii mtu, mzee. Natembea tu.”

“Unatembea tu.” Aliyarudia maneno hayo kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. “Na hiyo karatasi?”

“Ni ramani.”

“Basi hutembei tu. Unaenda kwa nani?”

Mwandishi hakuwa na jibu. Waliishia kukaa chini pamoja, na mzee, alipoielewa ramani, akaanza kuikosoa: shule hii imehamishwa, hapa mto umebadilisha mkondo, huku hakuna tena msitu. Kwa kidole chake alichora njia ya kwenda Werugha ambayo haikuwa imechapishwa popote, akieleza kila mahali kwa jina la mwenye boma. Aliyafahamu maboma yote njiani. Hakuna kilomita hata moja iliyotajwa.

Tangu siku hiyo ramani ilibaki mezani nyumbani. Mwandishi aliisoma usiku, akanakili kwenye daftari dogo la shule majina tu, kwa mfuatano: shule, zahanati, kanisa, kijito, duka, steji. Njiani alijifunza kutouliza mwisho wa safari. Ukimuuliza mtu wa Mbale njia ya Mwanda atakuelekeza kwenye matatu, maana hakuna mwenye akili anayekwenda huko kwa mguu akiwa na nauli. Ukimuuliza shule ya msingi inayofuata iko wapi, atakunyooshea kijia.

Shule zinasaidia kwa sababu ziko nyingi na ziko karibu karibu, na hilo lina historia. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883, pale J. A. Wray alipojenga kituo chake mlimani. Wakatoliki wakaanza Bura mwaka 1892. Makanisa na madarasa yakapanda milima kabla ya barabara, na watoto wakatengeneza vijia vya kuyafikia. Kijia cha mwanafunzi ni kifupi, kinakwenda wima, hakijali magoti ya mtu. Kina mama wanaobeba maji wana njia nyingine, inayozunguka, isiyo na miteremko ya ghafla, na yenye jiwe la kuwekea mtungi katikati. Njia ya kanisani hupenda kufuata mgongo wa kilima kwa sababu inakusanya watu wa pande mbili. Mtu akishaanza kutofautisha miguu hii mitatu, anaweza kusimama kwenye njia panda na kujua kila tawi litamfanyia nini.

Njia tamu kuliko zote ni ya mfereji. Wataita wamechimba mifereji ya kumwagilia tangu vizazi vingi, wakiyatoa maji kwenye vijito vya juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Maji hayapendi haraka, kwa hiyo mfereji hushuka polepole sana, na kando yake kuna ukingo mwembamba wa watu wanaousafisha. Ukiushika, unazunguka kilima kizima bila kupanda wala kushuka, migomba upande mmoja na bonde lote upande wa pili. Adabu yake ni moja: usikanyage ukingo uliolegea, na ukikuta zamu ya maji, usiguse kizibo cha mtu.

Lililobaki ni lile swali la mzee. Mwandishi aliamua kwamba kila njia atakayoitunga itakuwa na mtu mwishoni mwake, au angalau shughuli. Alianza kumpelekea gazeti la Jumapili mwalimu mstaafu upande wa Werugha, ambaye alikuwa amelisoma tayari kwenye simu lakini alilipenda lile la karatasi kwa fumbo la maneno. Akawa anashukia Wundanyi siku ya soko kununua ndizi na maparachichi. Akaenda Sagalla kutafuta asali. Zilikuwa shughuli ndogo, nyingine za kubuni kidogo, lakini zilibadilisha kila kitu. Mtu mwenye mwenyeji anasaidiwa. Ukisema unakwenda kwa mwalimu fulani, mwanamke aliye kisimani anakuambia usishukie hapo kwa sababu gogo la kuvukia limebebwa na maji, pitia kwa shemeji yangu, na ukifika kwake umsalimie. Njia inasahihishwa na watu wanne kabla ya saa sita mchana. Hakuna programu ya simu inayofanya hivyo.

Kuna jingine ambalo mwenye kujitungia njia huku lazima alijue, na mwandishi alilipata kwa kuona vijia vikipinda pasipo jiwe wala korongo. Vilikuwa vinakwepa miti. Wataita waliitenga misitu midogo ya fighi, iliyoaminiwa kulinda vijiji, na mababu zao waliweka mafuvu ya wazee kwenye vivuli vya miamba. Ukristo na Uislamu vimefika, mengi yamebadilika, lakini kijia bado kinapinda. Kuna waongozaji wanaopeleka wageni kuyaona mafuvu, kwa idhini ya wenyewe, na hilo ni shauri lao. Mwandishi ameiacha miamba hiyo nje ya daftari lake. Njia ikipinda, naye hupinda.

Misitu mingine ina milango rasmi. Ngangao, kaskazini mwa Wundanyi, ni kipande cha hekta 120 hivi kilichobaki cha msitu wa ukungu uliowahi kufunika milima hii, na kiko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Tanzania na kupita Usambara, na upweke wake umezaa viumbe wasiopatikana kwingine. Mbololo kuna ua la Saintpaulia teitensis, jamaa wa yale maua ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya. Ngangao kuna Turdus helleri, ndege mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na ubavu mwekundu wa kutu, anayepekua majani makavu chini kama kuku. Msituni mtu hulipa ada, huchukua mwongozaji, na hutembea taratibu. Mwandishi aliijumuisha Ngangao kama sehemu ya polepole katikati ya njia ndefu, saa mbili za kusimama zaidi kuliko kutembea, na mwongozaji wake, kijana aliyewahi kufanya kazi na watafiti wa kituo cha Chuo Kikuu cha Helsinki kilichofunguliwa Wundanyi mwaka 2011, alimwonyesha mambo ambayo peke yake angeyapita akihesabu kilomita.

Kuhusu kuhesabu: Mskoti mmoja, William Naismith, aliandika mwaka 1892 kanuni ambayo watembea milimani wanaitumia mpaka leo. Kwa lugha ya kilomita, ni saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haina salamu ndani yake. Huku kila boma ni salamu, na salamu ya Mtaita si neno moja. Kuna habari za watoto, mvua, mahindi, na ulikotoka. Mwandishi alizoea kupiga hesabu ya Naismith na kuizidisha mara mbili, kisha kuianza safari mapema. Kwenye nchi iliyo karibu na ikweta jua halingoji: ikifika saa moja jioni ni giza, na matatu za kushuka Voi hupungua kabla ya hapo. Njia zake zote zinapanda asubuhi na kuanza kushuka saa saba. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, misimu ya mvua, anabaki kwenye njia za magari au mifereji, kwa maana udongo mwekundu wa Dawida ukilowa ni sabuni. Na ukungu ukiifunika milingoti ya mawasiliano ya Vuria, yeye haendi Vuria.

Sagalla ni somo tofauti, kwa kuwa mlima huo una watu juu na ndovu miguuni. Hapo kanuni ya dereva wa bodaboda haikuwa ya kusimuliwa. Chini ya mlima, wakulima walio mpakani mwa Tsavo Mashariki hulala macho mahindi yanapokaribia kukomaa. Shirika la Save the Elephants limefanya kazi nao kwa miaka mingi kwenye mpango unaoongozwa na mtafiti Lucy King: mizinga ya nyuki inaning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na ndovu, ambaye ngozi yake nene haimsaidii machoni wala ndani ya mkonga, anageuza. Asali inauzwa. Kwa mtembeaji, uzio huo ni habari. Penye mizinga inayoning'inia ndipo ndovu hupita.

Mwenye shamba mmoja alimweleza mwandishi ratiba ya ndovu kwa utulivu wa mtu anayeeleza ratiba ya basi. Wanaingia usiku, wanaondoka kabla jua halijawa kali, lakini kuna dume mmoja mvivu ambaye huchelewa vichakani.

“Sasa nipite saa ngapi, baba?”

“Pita jua likishapanda. Na ukiona kinyesi kinachofuka moshi, hiyo si njia yako leo.”

Ndovu ni watengenezaji wa njia wenye ujuzi kuliko binadamu. Hupanda mteremko kwa pembe inayofaa mzigo wao, huvuka korongo mahali penye kingo ngumu, na hufika majini bila kupotea. Kishawishi cha kufuata njia yao pana, safi, iliyokanyagwa vizuri ni kikubwa sana, hasa kwa mtu aliyechoka kuchomwa na miiba. Mwandishi hupendekeza watu waitazame, waistaajabie, na wapite pengine. Hali kadhalika pembezoni mwa Voi, ambako tuta la SGR limeikata nyika: vivuko vilivyoachwa chini yake vinafaa watu, ng'ombe, na wanyama wa mwituni pia, na kila mmoja ana saa yake.

Kasigau hutaka siku nzima na usiku mmoja. Vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe vimeukalia mlima miguuni pande zote, na kutoka hapo kilele kiko takriban mita elfu moja juu. Kwa kanuni ya Naismith ni kazi ya saa mbili na nusu; kwa miguu ya kawaida, kwenye msitu mzito uliolowa, ni asubuhi yote. Wageni wengi huja kwa ajili ya kilele. Mwandishi alikipanda pia, akaona ukungu. Kilichomrudisha huko ni njia ya chini, ya kijiji hadi kijiji, akiwa na mwenyeji wa kila kipande, kwa sababu katika kutembea huko ndiko wazee walikoanza kumsimulia habari za mwaka 1915.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeingia Taita. Wajerumani walivuka mpaka na kuishika Taveta Agosti 1914. Mwaka uliofuata Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia adui, wakawaondoa mlimani na kuwapeleka Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurejea mpaka miaka ya 1930. Mtu anayetembea baina ya Jora na Rukanga anapita kwenye nchi iliyokaa bila wenyewe kwa takriban miaka ishirini, na wajukuu wao wanajua ni jiwe lipi lilikuwa la jiko la nani. Mwongozaji wa kilele analipwa kwa siku. Hizi habari za chini mwandishi alizilipia kwa kubeba mizigo ya watu kuelekea nyumbani kwao.

Mabaki mengine ya vita yako magharibi, kando ya reli iliyojengwa kutoka Voi kuelekea Taveta mwaka 1915 na 1916: Maktau, ngome ya Mashoti, kilima cha Salaita ambako Waafrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Kuyafikia kwa miguu mfululizo ni kujitafutia balaa, maana reli hiyo inapita katikati ya hifadhi za wanyama. Gari hadi Salaita, kilima kwa miguu, gari tena. Inatosha. Zaidi ya hapo, mtu akae kidogo kwenye makaburi ya Voi au Taveta na kukumbuka kwamba makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walioibeba vita hiyo vichwani, kwa miguu, hawakuwekewa mawe yenye majina.

Rafiki mmoja anayeishi Uingereza aliposikia habari za daftari hili alimtumia mwandishi kitabu cha Alfred Wainwright, kilichochapishwa mwaka 1973, kuhusu njia ya kukatiza kaskazini mwa England kutoka pwani ya St Bees hadi Robin Hood's Bay. Wainwright hakutengeneza njia mpya. Aliunganisha vijia vilivyokuwepo, kisha akawasihi wasomaji wasiige yake bali wajitungie zao. Ushauri mzuri, na kwake ulikuwa rahisi kutoa. England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia ambazo sheria inampa kila mtu haki ya kuzipita, hata zikikatiza shamba la tajiri. Kenya ina Sura ya 294, sheria inayomwadhibu anayeingia ardhi ya mwingine bila idhini, na kijia cha nyuma ya jikoni hakina ulinzi wa maana zaidi ya uvumilivu wa mwenye jikoni.

Uvumilivu huo unapungua. Hatimiliki zinatoka, vipande vinauzwa kwa watu wanaoishi Mombasa na Nairobi, na seng'enge inafuata. Zamani kijia kilihama mita chache jirani alipojenga. Sasa kinafika kwenye waya na kufa. Mwandishi amelazimika kuliandika daftari lake kwa penseli. Njia ya msitu wa Chawia imebadilika upande mmoja, ya Ngangao pande mbili, na ile ya mfereji, ambayo aliipenda kuliko zote, ilikatwa na ua jipya la mawe lililojengwa na mtu mwenye haki zote za kulijenga.

Alikwenda kumwona mtu huyo, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kufanya kazi hii. Alimkuta akimalizia lango, mwenye umri wa makamo, mwenye heshima, asiyependa kusumbuliwa. Mwandishi akaeleza: njia ya zamani, mfereji, gazeti la mwalimu. Mwenye ua akasikiliza mpaka mwisho.

“Hapa hapapitiki tena, ndugu yangu. Nina ng'ombe wa maziwa. Zunguka kwa juu, kwa kaka yangu, yeye hana ua.”

“Atakubali?”

“Mwambie nimekutuma. Na mwambie lile jembe langu nalitaka kabla mvua hazijaanza.”

Kaka mtu alikubali. Jembe, alisema, aliliazima mtu mwingine, huko chini karibu na kanisa, na kama mgeni anapita upande huo basi amuulizie. Akatoka mwenyewe hadi kwenye mgomba wa mwisho kumwonyesha kijia.